Machi, Kaskazi Ikiisha

Tarehe 13 Machi 1696 marikebu za Imamu Saif bin Sultan wa Oman zilitokea mbele ya kisiwa cha Mombasa zikiwa na wapiganaji zaidi ya 3,000. Ndani ya Fort Jesus, ambayo watu wa Mji wa Kale huiita Ngomeni, walikuwamo Wareno wasiotimia mia, na pamoja nao mamia ya Waswahili waliosimama upande wao, wengi wakiwa watu wa mji wa Faza. Tarehe hiyo huandikwa kama tarehe nyingine yoyote ya vita, kisha msomaji husogezwa mbele mpaka Desemba 1698, ngome ilipoanguka. Mimi nataka tusimame kidogo hapo Machi. Ndio mwezi ambao kaskazi inakaribia kwisha, na katika mji uliolelewa na upepo karne kwa karne, hakuna mtu aliyefanya jambo kubwa baharini bila kuutazama upepo huo kwanza.

Tufuate hesabu yenyewe. Kutoka Maskati, chombo cha tanga hushuka Mombasa na kaskazi, upepo unaovuma kutoka kaskazini-mashariki tangu Novemba au Desemba mpaka Machi. Ukingoja Aprili umechelewa, kwa kuwa upepo hulegea, hutangatanga, kisha kusi hushika na kuvuma mpaka Septemba au Oktoba. Aliyefika Machi amefika na upepo wa mwisho, na nyuma yake bahari inafungwa. Wareno wa Ngomeni wangeweza kupeleka habari Goa, makao yao makuu India, maana kusi changa ya Aprili na Mei ndiyo hasa ya kwendea India. Lakini jibu lisingeweza kurudi. Juni mpaka Agosti kusi huvuma kwa nguvu hata bandari za pwani ya magharibi ya India zikafungwa, na hata inapopungua makali, bado humpiga usoni kila anayetaka kuja Afrika. Msaada wa Goa ungetoka kaskazi ikirudi, si kabla. Kwa hiyo Waomani walikuwa na miezi tisa ya kuizunguka ngome bila kuangalia nyuma, na ndivyo ilivyotokea: vyombo vya Goa vilifika tarehe 25 Desemba 1696.

Siamini hata kidogo kwamba manahodha wa Oman, watu waliorithi bahari hii kwa baba na babu, walifika Machi kwa bahati. Walikuja na silaha mbili, mizinga yao na msimu.

Na msimu huo chimbuko lake ni baridi ambayo hakuna mtu wa Mombasa aliyewahi kuionja nyumbani kwake. Kuanzia Novemba nchi kavu ya Asia hupoteza joto upesi. Siberia na Mongolia usiku huwa mrefu, theluji hutanda na kuurudisha angani hata ule mwanga mdogo wa jua unaofika, na hewa iliyo juu ya theluji hiyo hupoa, huwa nzito, hulala na kurundikana. Kanieneo ya kawaida ya hewa usawa wa bahari ni kama hektopaskali 1,013. Huko Agata, Siberia, tarehe 31 Desemba 1968 ilipimwa 1,083.8. Hewa iliyorundikana namna hiyo lazima itafute pa kutokea. Upande wa mashariki hutokea juu ya Bahari ya Japani, ikanywa mvuke, ikaumwaga kama theluji kwenye pwani za magharibi za Honshu na Hokkaido. Watu wa huko huzoa theluji kwa koleo kila asubuhi mpaka Machi, na upande wa pili wa Hokkaido, mbele ya Bahari ya Okhotsk, mapande ya barafu huelea mpaka ufukweni mwezi wa Februari. Upande wa kusini milima ya Himalaya huizuia sehemu kubwa ya baridi hiyo. Lakini nyanda za Iran, Pakistan na kaskazini mwa India nazo huwa zimepoa kuliko bahari iliyo mbele yake, hewa yake ikashuka kusini, na mzunguko wa dunia ukaipinda mkono wa kulia mpaka ikawa upepo wa kaskazini-mashariki juu ya Bahari ya Arabu.

Inapoingia Mombasa, hewa hiyo imekwisha pita maelfu ya kilomita juu ya maji ya uvuguvugu. Ndiyo sababu majira ya baridi ya Asia hutufikia sisi yakiwa joto. Februari na Machi ndiyo miezi ya jua kali kuliko yote, nyuzi 32 au 33 mchana, na Januari na Februari ndiyo miezi ya ukame, mvua ikiwa kidogo tu kwa mwezi mzima. Kisha jua huvuka ikweta kwenda kaskazini, theluji ya Asia huanza kuyeyuka, ule mrundiko wa hewa nzito huvunjika, na kaskazi hukosa msukumo wake. Machi inapokaribia kwisha mabaharia husema ni malelezi, au tanga mbili: leo upepo unatoka huku, kesho kule, keshokutwa shuwari tupu. Baada ya hapo huja masika, na Mei hunyesha kuliko mwezi mwingine wowote kisiwani.

Mwaka 1884 Henry Blanford, aliyekuwa mkuu wa idara ya hali ya hewa ya India, aliandika kwamba theluji ikianguka kwa wingi Himalaya mwishoni mwa majira ya baridi, mvua za India za miezi inayofuata hupungua, kwa kuwa nchi iliyofunikwa na theluji huchelewa kupata joto la kuvuta upepo wa bahari. Wataalamu wamelijadili jambo hilo kwa zaidi ya karne, na limeonekana kuwa na mafundo mengi kuliko alivyodhani. Hata hivyo alikuwa ameona kitu cha kweli: theluji ya mlimani na tanga la baharini ni mambo ya familia moja.

Watu wa pwani hawakuwa na kipimo cha kanieneo. Walikuwa na Nairuzi. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, kwa hiyo hupungukiwa na siku kama 11 kila ukilinganishwa na mwaka wa jua. Ramadhani huweza kuangukia kaskazi au kusi, masika au kiangazi. Kalenda ya ibada haikumfaa nahodha. Kwa ajili ya safari na kilimo walishika Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, uliotokana na Uajemi, siku zake zikihesabiwa kumi kumi, na kila kumi ni mwongo. Ahmad bin Majid wa Julfar, mwanachuoni mkubwa wa ubaharia, alipoandika kitabu chake mashuhuri karibu na mwaka 1490, aliitaja misimu ya kusafiri kwa siku za Nairuzi. Nahodha aliyetaka kujua kama amechelewa kuondoka alihesabu miongo. Hayo yalikuwa maarifa mazito, na ninasikitika kwamba vijana wetu wengi wanaijua Siku ya Mwaka, mwanzo wa Nairuzi, kama sherehe tu, bila kujua kwamba ilikuwa saa ya bandari nzima.

Ibn Battuta alikuja kwa saa hiyo hiyo. Mwaka 1331 alishuka kutoka Aden na kaskazi, akapita Zaila na Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja tu njiani kwenda Kilwa. Usiku huo ulimtosha kuona kisiwa chenye ndizi na ndimu, watu ambao chakula chao ni ndizi na samaki, misikiti iliyojengwa vizuri kwa mbao, na waumini wanaoosha miguu mlangoni kabla ya kuingia. Hakukawia kwa kuwa upepo haukumruhusu. Ulipogeuka naye akageuka, akapanda na kusi mpaka Dhufari. Msafiri mkubwa kuliko wote wa zama zake aliiona pwani yetu kwa muda ambao theluji ya Asia ilimpa.

Miaka 167 baadaye alikuja mgeni ambaye hakuijua saa hiyo. Vasco da Gama alifika nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Alikuwa ametoka kusini, akizunguka bara zima, na habari za ugomvi wake wa Msumbiji zilikuwa zimemtangulia. Hakuingia bandarini. Usiku watu wa Mombasa waliogelea mpaka kwenye marikebu zake wakitaka kukata kamba za nanga. Tarehe 13 akaondoka, akaenda Malindi, ambako mfalme, aliyekuwa mpinzani wa Mombasa, alimpa rubani anayeijua njia ya India. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi ikiwa changa. Siku 23 baadaye waliona nchi, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut.

Safari ya kurudi ndiyo inayofundisha. Da Gama aligombana na watawala wa Calicut, akaondoka mwisho wa Agosti, akatangatanga pwani ya India, na tarehe 5 Oktoba akaiacha nchi kavu bila kungoja kaskazi ishike. Rubani yeyote wa Malindi angemzuia. Bahari ile ile aliyoivuka kwa siku 23 ikamchukua karibu miezi mitatu. Mara shuwari, mara upepo wa kinyume, maji yakipungua, na kiseyeye kikawaingia mabaharia: fizi zikavimba mpaka zikafunika meno, miguu ikajaa, wakafa watu kama 30. Kila chombo kilibaki na watu saba au wanane wenye nguvu ya kushika kamba. Tarehe 2 Januari 1499 waliiona Mogadishu, tarehe 7 wakafika Malindi, na muda mfupi baadaye ikabidi waichome moto marikebu moja, São Rafael, kwa kuwa hapakuwa na watu wa kuiendesha. Husemwa kwamba Wareno walifungua njia ya India. Njia ilikuwa wazi zamani, ina majira yake na sheria zake, na gharama ya kutozijua sheria hizo waliilipa kwa roho za watu.

Walijifunza, na walichojifunza wakakitumia vibaya. Agosti 1505 Francisco de Almeida aliupiga Mombasa, akaupora na kuuchoma, kisha akaondoka kabla mwezi haujaisha ili kusi imfikishe India. Nuno da Cunha hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1528 alichelewa njiani, kusi ikamwishia, na India ikawa haifikiki. Akaamua kungoja Mombasa, na kungoja kwake ni kuuteka mji Novemba na kukaa ndani yake muda wote wa kaskazi. Homa ikawaua watu wake wengi. Machi 1529, akijiandaa kuondoka, aliuchoma mji aliokuwa akilala ndani yake. Watu wa Mombasa, waliokuwa wamekimbilia bara, walirudi kwenye majivu mara ya pili katika muda wa robo karne. Wakajenga tena.

Mwaka 1585 Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alishuka na kaskazi kutoka Bahari ya Shamu, akaungwa mkono na miji karibu yote ya pwani, na 1586 akarudi na kusi akiwa na ngawira. Alipokuja mara ya pili, akajenga boma Mombasa, Wareno hawakukawia. Tomé de Sousa Coutinho alitoka Goa mwisho wa Januari 1589 na vyombo kama 20, akaingia bandarini Machi 5, upepo ukiwa bado unamsukuma kwa nyuma. Ng'ambo ya maji walikuwa wamepiga kambi Wazimba, wapiganaji kutoka bara waliofuata pwani wakiangamiza kila walichokuta. Mji ukabanwa pande mbili. Ali Bey alikamatwa, akapelekwa Lisbon. Miaka minne baadaye, 1593, ujenzi wa Fort Jesus ulianza, na kwa maoni yangu ngome ile ilikuwa, zaidi ya yote, jibu la upepo: Wareno walitaka mahali pa kushikilia katika ile miezi ambayo Goa haiwezi kuwafikia.

Sasa tunaweza kurudi kwenye kuzingirwa kwa 1696 tukielewa kilichokuwa kinapiganwa. Kapteni João Rodrigues Leão alikufa Oktoba, kabla kaskazi haijaleta msaada. Mahali pake akashika António Mogo de Melo. Vyombo vya Desemba vilishusha watu na chakula kidogo, kisha vikaenda zake Msumbiji na upepo ule ule. Kuanzia hapo adui hakuwa Mwomani peke yake, maana tauni iliingia ndani ya kuta. Wareno walikufa mmoja baada ya mwingine, na Mogo de Melo naye akafa mwishoni mwa Agosti 1697. Ngome ya mfalme wa Ureno ikabaki mikononi mwa Bwana Daudi wa Faza, jamaa zake 17, wanaume wengine wanane na wanawake 50 wa Kiafrika.

Hapa inafaa tutue kidogo. Wanawake hao majina yao hayakuandikwa. Walishika bunduki, walilinda kuta, na kwa takriban wiki tatu ndio waliokuwa Fort Jesus. Tunaijua ngome kwa majina ya makapteni waliokufa, na mizinga imewekewa vibao. Kwa watu 50 waliosimama pale wakati hapakuwa na kapteni, naona deni bado halijalipwa.

Katikati ya Septemba 1697 vyombo vya Msumbiji vilipanda na kusi, vikaleta watu wapya. Kati yake ilikuwamo Santo António de Tanna, marikebu ya vita iliyojengwa Bassein, India, mwaka 1681. Tarehe 20 Oktoba ikazama chini ya ngome, na huko chini ikalala mpaka wapiga mbizi wa akiolojia walipoichimba kati ya 1977 na 1980. Vitu vyake vingi vimo katika jumba la makumbusho Ngomeni. Kuzingirwa kukaendelea mwaka mwingine mzima. Usiku wa kuamkia Desemba 13, 1698 Waomani wakapanda kuta. Waliobaki ndani walikuwa watu wachache mno, wengi wagonjwa. Siku chache baadaye vyombo vingine vya Goa vikatokea baharini, vikaiona bendera ya Oman juu ya ngome, vikapita. Kaskazi ya mwaka ule ilikuwa imewaleta wakiwa wamechelewa kama wiki moja.

Wareno walirudi mara moja zaidi. Mwezi gani? Machi, mwaka 1728. Novemba 1729 watu wa Mombasa wenyewe wakawafukuza, na kaskazi iliyokuwa ikianza ikawasukuma kwenda Msumbiji. Baada yao wakaja Wamazrui, waliotawala mji kwa niaba ya Oman kisha kwa niaba yao wenyewe, mpaka Seyyid Said wa Oman alipowashinda mwanzoni mwa 1837.

Miaka michache baada ya hapo theluji yenyewe, si upepo wake, iliingia katika mazungumzo ya Mombasa. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, alisafiri bara na watu wa pwani, na tarehe 11 Mei 1848 akaona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Alipomuuliza kiongozi wake wa njia, yule akamwambia ni baridi. Tarehe 3 Desemba 1849 mwenzake, Ludwig Krapf, akauona Mlima Kenya nao ukiwa mweupe. London, William Desborough Cooley, mtu aliyesoma sana jiografia ya Afrika bila kufika, alikataa kata kata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, na ubishi ukaendelea mpaka Karl Klaus von der Decken alipopanda Kilimanjaro na kuhakikisha katika miaka ya 1861 na 1862. Watu wa misafara ya Mombasa walikuwa wameuona mlima huo miaka mingi, wakaueleza kwa lugha ya mtu aliyeugusa. Walioitilia shaka habari hiyo walikuwa wametoka katika nchi za theluji.

Nimeeleza vita kwa sababu ndivyo vilivyoandikwa. Lakini miaka mingi zaidi kaskazi ilileta biashara, na Machi ilikuwa mwezi wa Mji wa Kale kujaa. Mabumu ya Kuwait, masambuki ya Sur na Yemen, makotia ya Kachchh na Gujarat yalisongamana katika Bandari ya Kale, upande wa mashariki wa kisiwa. Yalikuwa yameleta tende za Basra, chumvi, papa mkavu na nguru wa chumvi kutoka pwani za Mahra na Hadhramaut, samli, mazulia, makasha ya misumari ya shaba, vigae vya kuezekea. Kurudi yalichukua boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji, maana Ghuba haina miti na nyumba za Kuwait na Bahrein zilipimwa upana wa vyumba kwa urefu wa boriti zetu. Yalichukua pia mtama, nazi na pembe za ndovu. Na kwa karne nyingi, mpaka biashara hiyo ilipozimwa mwishoni mwa karne ya 19, yalichukua watu. Kusi iliyowarudisha wafanyabiashara nyumbani ndiyo iliyowatenga watumwa na nyumbani kwao milele. Anayeusifu upepo wa pwani bila kulitaja hilo anasimulia nusu.

Vyombo vilipokwisha kushusha shehena, kazi ya Machi ilikuwa kuvitengeneza. Maji yakitoka, chombo kililazwa ubavu mchangani, mbao zikakwanguliwa, nafasi zikakalafatiwa kwa pamba na mafuta, na sehemu ya chini ikapakwa chokaa iliyochanganywa na shahamu ili kuzuia mchwa wa baharini. Harufu ya sifa, mafuta ya maini ya papa, ilitawala mji mzima. Alan Villiers, baharia wa Australia, aliyaona haya kwa macho yake. Desemba 1938 alipanda bumu la Kuwait huko Aden, nahodha akiwa Ali bin Nasr al-Nejdi, wakashuka na kaskazi wakipita Lamu, Mombasa na Zanzibar mpaka Rufiji, wakapakia boriti, na 1939 wakarudi na kusi. Kitabu alichokitoa 1940 ni miongoni mwa maelezo bora ya msimu mzima kutoka ndani ya chombo, na picha zake zinaonyesha mabaharia wakiimba huku wakitweka foromali ambayo watu wawili wasingeweza hata kuitikisa.

Kuondoka kulitaka hesabu kali kuliko kufika. Malelezi yalipokwisha na kusi ikaanza kunong'ona Aprili, nahodha alikuwa na wiki chache kabla bahari haijachafuka. Aliyekuwa anadai fedha mjini, au aliyeumwa, au aliyengoja shehena ya boriti iliyochelewa, aliiona Mei ikipita na dirisha likifungwa. Huyo alikaa mpaka Agosti au Septemba, kusi ilipolegea, au akakaa mpaka mwaka uliofuata. Wengine waliooa katika kungoja huko hawakuondoka tena. Mji wa Kale, tangu Kibokoni mpaka Kuze, umejaa koo za Kishihiri, za Kioman, za Kihindi na za Kibaluchi zilizokutana na Thenashara Taifa, ile miji kumi na miwili ya Waswahili wa Mombasa, katika ndoa, biashara na misikiti. Kuna wanaohesabu nasaba zao kwa vita na wafalme. Nahisi walio wengi zaidi wangekuta, wakirudi nyuma vya kutosha, mtu mmoja aliyekosa upepo.

Meli za moshi hazikungoja miongo. Reli ilipoanza kujengwa 1896, mahitaji yake yalishushwa upande wa Kilindini, na magati ya kina kirefu yalipojengwa huko baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mgongo wa biashara ulihamia upande wa pili wa kisiwa. Bandari ya Kale haikufa siku hiyo. Ilidhoofika kwa hatua. Mafuta yalianza kusafirishwa Kuwait mwaka 1946, na vijana wa huko wakapata kazi zisizohitaji kulala juu ya boriti miezi mitatu. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964, katikati ya kaskazi, na kituo kikubwa cha safari hizo kikawa hakitembeleki kama zamani. Mwaka 1969 John Jewell alitoa kitabu kizima juu ya majahazi yanayokuja Mombasa, na tayari alikuwa akiandika juu ya jambo linalopungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi. Marufuku hiyo ilikuwa na haki yake, kwa kuwa mikoko ilikuwa inakatwa kuliko inavyoota. Lakini iliondoa ile shehena ya kurudi nayo ambayo kwa karne nyingi ililipa gharama za safari.

Vyombo vya mbao bado hufunga gatini Bandari ya Kale, vingi vya kwenda Somalia, vikiwa na mashine tumboni, na huondoka mwezi wowote. Wanaoishi kwa upepo sasa ni wavuvi. Miezi ya kaskazi maji hutulia, mashua na ngalawa huvuka mwamba kwenda kwenye kina, na ndipo jodari na nguru hupatikana kwa wingi. Kule Siberia theluji ikianza kuyeyuka na kaskazi kulegea, wavuvi hurudi ndani ya mwamba kutega dema na kungoja, na samaki wa bahari kuu hupungua sokoni mpaka kusi ipite.